Moja Hadi Kumi

Daktari wa Bombo kashika kalamu:
"Kifafa chako, Mwasiti, unakipa ngapi?
Moja hadi kumi."

Mwezi huu nimeanguka mara mbili.
Andika mbili.

Ila wifi kanificha jiko la mkaa,
kikombe changu kapaka rangi ya kucha kisichanganyike,
na nikipita Barabara ya Tisa
watoto wanaitwa ndani.
Mimi nameza vidonge,
navyo vinameza majina ya wateja.
Andika nane.

Lakini Jumanne nilizinduka sakafuni,
mate shavuni, kanga imekunjwa chini ya kichwa,
na Mwanakombo hajaacha kupiga cherehani.
"Umerudi?" akasema. "Pindo la shela hilo,
lakusubiri wewe."

Siku hiyo, daktari,
uiandike ngapi?