Masanduku Mawili kutoka Posta

Karani aliyatikisa kwanza, moja moja, sikioni,
kama mtu anayechagua nazi sokoni.
Kuna nini humu, dada? Vita, nikamwambia.
Akanitoza ushuru wa vitu vya kuchezea.

Mvua ilikuwa imeanza pale mnara wa saa.
Nikaviringa khanga ikawa kata, nikajitwika,
hadi Majengo shingo imekakamaa.

La kwanza tulilifungua usiku uleule, mimi na kaka yangu Anaeli.
Vita vya Ulaya, vya majira ya theluji.
Harufu ya wino mpya, ile ya daftari za Januari.
Kete mia nne na kumi zimeshikana kwenye kadibodi
kama vidonge kwenye pakiti; ukisukuma kwa kidole gumba
zinatoka, tk, tk, na vumbi jeupe kidogo pembeni.
Ramani nzuri, lazima niseme. Nchi nzima imekatwa
pembesita pembesita, kama sega la nyuki,
na penye theluji wamepaka buluu iliyopauka.
Anaeli akacheka: theluji tunayoijua sisi
iko kule juu, haijawahi kumzamisha mtu farasi.
Kanuni kurasa thelathini na mbili. Dadu nyepesi mno.
Nikaipa alama saba kati ya kumi, nikaenda kulala.

La pili ni letu.
Yaani, Mjerumani na Mwingereza, lakini hapa.
Kazini nachora ramani za viwanja, mwaka wa kumi na tisa huu;
ramani ya uongo naijua kwa jinsi inavyopinda mito.
Hii si ya uongo. Karanga magharibi, Rau mashariki,
reli inateremka kutoka stesheni hadi daraja la Kahe,
na MOSHI, kwa herufi kubwa, ndani ya pembesita moja
ambayo nikiigusa kwa kidole nafunika
Pasua, Kiboriloni, kaburi la mama,
na meza hii yenyewe, na kidole.

Anaeli akasoma kanuni kwa sauti
(yeye husoma kila kitu kama tangazo la msiba).
Kanuni ya kumi na nne, kifungu cha tatu:
Wapagazi hawana kete. Huchukuliwa kuwa wapo.

Akanyamaza. Akarudia.
Huchukuliwa.

Baba yake bibi, Ndetaulwa, alichukuliwa.
Kutoka shambani, jembe likabaki limesimama kwenye tuta.
Bega lake la kushoto lilirudi limeshuka vidole vitatu,
na hata uzeeni, ukimpa mtoto mchanga ampakate,
alimpima kwanza mikononi, juu, chini,
akataja ratili.

Nikaenda jikoni nikaleta kopo la buni.
Tukapanga punje nyuma ya kila kete ya askari, mstari.
Askari mmoja wapagazi wangapi? Hatukujua. Tukakisia,
tukaona aibu kukisia, tukaongeza.
Buni ikaisha kabla hatujavuka Kahe.
Nikaleta maharage ya njano, kilo nzima. Yakaisha.
Anaeli akaleta choroko, bila kuniuliza.
Saa kumi na mbili reli ilikuwa haionekani,
wala mto, wala lile jina kwa herufi kubwa,
na askari wenyewe ungewatafuta kwa kucha.

Mtoto wa jirani akachungulia dirishani:
Mnachambua mboga?
Ndiyo, Anaeli akasema.

Zamu ya kwanza hatujaicheza. Alama sijaipa.
Kadibodi ni nene, rangi zimetulia, dadu hizi zina uzito.
Hayo ndiyo naweza kuyasema kwa sasa.
Khanga iko pale kitini,
bado imeviringwa.