Stoo ya Drahomíra

Neoni hataki maji ya bomba ya Ostrava.
Maji yetu mazito, yana chokaa,
yanaacha ukoko ndani ya birika.
Yeye anataka ya mvua, mepesi, yenye uchachu kidogo
kama chai iliyolala.
Basi Jumapili napanda basi hadi kwa shemeji Květa,
mlimani, ambako paa halina masizi,
narudi na madumu mawili.
Dereva huuliza kama ni pombe.
Namwambia ni mvua. Hacheki.

Hodhi lenyewe si kubwa kuliko sanduku la viatu.
Mboji konzi moja, vikoni vyeusi vya miti ya mtoni,
maji yakageuka rangi ya kahawia.
Chini sikuweka mchanga. Niliweka wavu,
mayai yapenye, wazazi wasiyafikie.
Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Neoni hajasikia.
Alfajiri anataga,
jua likipanda anageuka, anakula alichotaga.

Mara ya kwanza ilikuwa kuvu:
mayai meupe, kama macho ya samaki wa kuchemsha.

Mara ya pili sikuona hata yai.
Nilikuwa nimewaoza madume wawili
nikawasubiri wiki nzima, nikiwanyamazia redio.
Drahomíra alicheka hadi akatafuta kiti.

Mara ya tatu mayai yalikuwepo. Themanini, labda mia.
Akaingia stoo kutafuta mtungi wa matango ya siki
akawasha taa.
Taa tu. Sekunde kumi.
Sikumgombeza. Nilikwenda kukaa ngazini.

Usiku ule ndipo nilipomwambia.

Miaka ishirini na saba nimeshuka mgodini, mita mia nane,
nami najua giza lina daraja.
Kuna giza la chumba, macho hulizoea.
Kuna la chini, ambalo macho hayalizoei,
yanakaa wazi bure, kama milango ya nyumba iliyohamwa.
Siku dari liliposhuka nyuma yetu
tulikaa katika la pili, mimi na Bořivoj,
betri zimekwisha, yeye mguu wake sijui uko wapi.
Tusilale, akasema. Akaanza kunifundisha neoni.
Maji. Mboji. Wavu. Jike ni yule ambaye mstari wake wa buluu
umepinda kidogo, kwa sababu ya tumbo.
Na giza, akasema, mayai yao yanataka giza hili hili,
ungeleta hodhi hapa ungetajirika.
Nilicheka. Vumbi likanikaba.
Siku ya tano, akasema, vifaranga wataanza kuogelea,
hapo sasa lazima uwape

na hakuendelea.

Nilimwita hadi walipotufikia.

Drahomíra hakusema neno.
Asubuhi nilikuta mlango wa stoo umevishwa koti lake la mazishi,
limeshonwa pembeni, lina tepe chini,
na matango yamehamia chini ya kitanda.

Chakula nimekitafuta mwenyewe.
Majani makavu katika chupa, dirishani, siku nne,
hadi maji yanuke,
na ukiyaelekeza kwenye mwanga unaona moshi unaotembea.
Moshi huo ni hai. Ndio maziwa yao.

Leo ni siku ya tano.
Nimeshika taa yangu ya mgodini, nimeifunga soksi nyekundu,
inatoa mwanga wa kaa linalokufa.
Kwenye kioo kuna kitu. Uzi. Nusu ya kope.
Kimeruka, kimesimama, kimeruka.
Bado hakina rangi; buluu itachukua mwezi.

Mlango unabishwa. Mwanamke anabisha hodi
kwenye stoo yake mwenyewe.
Ingia, nasema, ila polepole.
Anaingia, analeta harufu ya vitunguu, anachuchumaa.
Wangapi?
Sijui. Hicho kimoja. Pale, na kile.
Siwaoni, anasema.
Ngoja, nasema. Usiyakaze macho.

Nachukua tone la moshi kwa bomba la dawa.
Mkono wangu unatetemeka, ananishika kiwiko.