Lini

Azzan kamleta ndani ya kasha la tende,
pembe za kasha bado zanata sukari.
Wiki tisa. Mweusi, nyusi za hudhurungi,
masikio yamemlalia mashavuni
kama soksi zilizoanuliwa mbichi.

"Nataka yasimame. Lini mnakata?"

Hakuuliza kama. Kauliza lini.

Mimi ndiye mshika daftari la miadi
katika kliniki hii ya Barka, ubavuni mwa duka la matairi.
Lini, naijua: kati ya wiki ya saba na ya kumi na mbili,
kabla gegedu halijakomaa,
halafu plasta, kufunga na kufungua, miezi,
na bado huenda moja likasimama
jingine likagoma.
Kama, sikuisomea.

Daktari Elfatih alikuwa Nizwa kwa ngamia mwenye jipu.
Yeye hukata. Hapendi, ila hukata,
asema, nisipokata mimi atakata kinyozi.
Na kinyozi nimemwona kazi yake:
waliletwa wawili mwaka juzi,
masikio yametota usaha, wembe ule ule wa ndevu.

"Shamba lina wezi wa nyaya," kasema Azzan.
"Yakilala hivi, atasikia nini?"
Mtoto wa mbwa kainua kichwa.
Ilikuwa tone la kiyoyozi, kule stoo,
sisi wawili hatukulisikia.
"Basi mwizi akiyaona, aogope."
Nikamuuliza, mwizi huyaona saa nane za usiku?
Akacheka. Hakubadili neno.

Nilikwishamuuliza bibi yangu Shinuna
(kwa jambo jingine, lakini majibu yake huzunguka).
Yeye alitogwa Wete, siku ya saba,
mwiba wa mdimu na uzi uliotiwa mafuta,
tena akiwa na miaka sita, matundu matano kila upande.
"Sikuulizwa. Nililia kutwa,
nikavaa dhahabu miaka themanini.
Huyo mbwa, akishakatwa, atavaa nini?"
Nikamwambia: mbuzi wa Ami Muhanna kule Rustaq
wote wana pengo sikioni.
"Ile ni anwani, mwanangu. Mbuzi akipotea arudishwe.
Mbwa anapotea wapi na huo mnyororo?"

Tuna methali ya sikio la kufa, lisilosikia dawa.
Ya sikio zima linalopelekwa dawani
sijapata kuisikia.

Nikafungua daftari.
Jumatatu ilikuwa tupu, nyeupe kama kanzu ya Idi.
Jumanne tupu. Jumatano, paka mmoja, chanjo.
Chini ya meza vidole vyangu vikahesabu:
kumi, kumi na moja, kumi na mbili,
kumi na tatu, kumi na nne.

"Nafasi ya karibu," nikasema, "ni tarehe ishirini na sita.
Mwezi ujao."

Akatazama viti vitupu. Akanitazama.
"Mna kazi nyingi."
"Nyingi."
"Andika basi. Jina lake Saham."

Nikaandika, mkono hautetemeki.
Swali halikuwa langu, wala masikio si yangu,
na aliyenilipa mshahara hakunilipa kwa uongo ule.
Usiku nilisali, nikakaa kitako mkekani muda mrefu,
nikashindwa kujua niombe msamaha au niombe subira.

Ishirini na sita ikaja. Azzan hakuja.
Labda alisahau. Labda alimpenda vile alivyo.
Labda kuna mtu Sohar mwenye wembe na bei nafuu,
na wiki tano zangu
zilikuwa njia tu ya kumpeleka kwake.

Ramadhani, kituo cha petroli, baada ya futari,
nikaiona gari yake. Mwenyewe yuko dukani.
Kioo cha nyuma cheusi tititi,
ukungu wa pumzi umechora duara.
Nikaita kwa sauti ndogo, kama anayeona haya:
Saham.

Kitu kikageuka upesi, ndani ya giza lile.
Kilisikia.
Nikaweka kiganja juu ya macho, nikasogea,
nikajiona mwenyewe na taa za pampu.