Hamsini na Tatu

Kioo namba mia mbili na saba, chumba cha nyuma, Bugando.
Huko chini ziwa linawaka kama bati jipya.
Nimeinamisha jicho kwenye hadubini
na anga limenikodolea:
bluu, bluu, bluu iliyosongamana,
na humo nyota nyeupe, hapa moja, pale moja.
Usiku kamili
ndani ya taya la mtoto.

Mafuru, miaka saba, kutoka Ukara.
Shavu la kushoto limefura
kana kwamba ameficha humo kiazi cha moto
na anaona haya kukitema mbele ya wageni.

Zile nyota ni seli walaji, wazoa maiti,
kila moja imemeza wenzake waliokubali kufa.
Waliokubali, nasema,
maana seli huzaliwa na wosia wake mfukoni.

Ndivyo tulivyopata vidole.
Tumboni mwa mama mkono ulikuwa kafi,
utando mtupu, kama mguu wa fisi maji;
kisha amri ikapita, na seli za katikati
zikajikunja, zikajikata,
zikajifunga vifurushi, zikaondoka
bila usaha, bila kilio, bila matanga.
Tazama nafasi kati ya vidole vyako.
Palizikwa watu pale.

Amri hiyo ina msomaji. Wataalamu wamempa namba, kama mfungwa:
protini hamsini na tatu.
Husoma maandishi ya kiini usiku kucha;
akikuta herufi imepinda husema, simama, rekebisha.
Ikishindikana
hulisema lile neno lingine.

Hapo wapasuaji huitoboa mitokondria,
jiko likavuja,
na kaspasi wakashuka na mikasi yao.
Lakini mlangoni yupo mwenzao, kaegemea komeo,
mkaidi mwenye sura ya upole:
Bado, anasema. Bado kidogo.
Uhai wote huu tunaojivunia
ni mabishano ya pale mlangoni.

Kwa Mafuru nani kanyamazishwa? Kioo changu hakisemi.
Labda msomaji amepofuka.
Labda amri ilitoka na mikasi ilikuwa butu.
Ninachokiona ni hesabu: wanazikwa mia, wanazaliwa mia tatu,
na wazikaji wamechoka, matumbo yamejaa.

Nililiona gugu maji Kirumba wiki iliyopita,
limeziba gati, maua yake ya zambarau mazuri kabisa.
Halina chuki na mtu.
Halijui tu pa kuishia.

Nyangeta, mama yake, alinikamata kwenye korido,
kanga kaikaza kiunoni
kama anayesubiri kupewa mzigo.
"Kwa hiyo mwanangu anakufa?"
Nikasema hapana. Nikasema... ulimi ukakwama.
Ningemwambiaje kwamba ugonjwa wenyewe
ni kutokufa?
Kwamba dripu ile ya manjano
inapita mshipani ikihimiza vifo, vifo, vifo vingi,
ili mmoja abaki?

"Kuna kitu mwilini mwake," nikasema,
"kimesahau kuondoka. Tunakikumbusha."

Akanitazama muda mrefu.
Mhudumu akapita na ndoo, tukampisha.
"Mgeni siku mbili," akasema.
"Ya tatu mmempa nini?"
"Jembe, mama."
"Basi liwe kali."
Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Leo ni siku ya sita. Shavu limepungua upande mmoja,
mdomo bado una vidonda, uji anaukataa.
Daktari hasemi kitu, anaandika tu.
Nilipanda wodini bila sababu ya kikazi.
Mafuru alikuwa dirishani, anahesabu siku
zilizobaki kabla ya feri kumrudisha kwao,
siku ambazo hakuna aliyemwambia idadi yake;
amezitunga mwenyewe.

Vidole kavitanua kwenye kioo,
kumi vyote,
na jua la ziwani likapenya katikati,
mlemle ambamo kitu, zamani,
kiliitwa kikaitika.