Hesi Saba

Asubuhi, ikiwa baridi, haina neno.
Naisukuma kutoka bandani, nayo yateleza,
gurudumu la nyuma halinung'uniki.
Lakini nikishavuka kilele cha Tarna na kuanza kushuka,
kitu hushika. Kwanza kidogo,
kama mtoto akuvutaye upindo wa nguo nawe una haraka.
Kisha zaidi.
Nikifika daraja la Nalón injini inalalama,
na ile harufu:
pasi iliyosahauliwa juu ya sweta.

Jana niliitemea diski mate. Yakachachatika, yakatoweka.

Leo nimeipandisha stendi ingali na moto wake,
manyunyu ya Asturias juu ya bati,
ng'ombe wa Xurde wakinikodolea ukutani kama wazee wa baraza.
Nazungusha gurudumu kwa mkono.
Nusu duara. Basi.

Nilianza na pedi, kama aanzavyo kila mtu.
Pedi nzima. Pistoni nilizisugua mwezi wa Mei
kwa mswaki wa dada yangu Sabel, ambaye hadi leo hajui.
Pini zina grisi. Si hapo.

Nikafungua nipeli robo duara:
mafuta yakaruka
kama maneno ya mtu aliyezibwa mdomo,
na gurudumu likawa huru.
Basi kuna mahali panapopokea na kukataa kurudisha.
Nikaishuku hosi. Hosi ikizeeka huvimba kwa ndani,
mafuta huyaruhusu kwenda, kurudi huyakatalia,
kama shangazi Etelvina na sufuria za kuazima.

Nikafunga. Nikavaa kofia, nikaenda hadi Campo de Caso na kurudi,
ikashika tena. Safari hii nikalegeza juu kabisa,
pale hosi inapotoka kwenye masta silinda.
Gurudumu likaachia.
Nikaiomba hosi radhi.

Mle ndani ya masta mna tundu, wembamba wa sindano.
Ukiinua mguu, pistoni hurudi nyuma, tundu hufunuka,
mafuta yaliyopata moto yakapumua.
Lakini pistoni hii hairudi.
Ufito wa pedali umeiegemea, umeiegemea mchana na usiku,
hata pikipiki ikilala.
Panapotakiwa nafasi ya unene wa ukucha
hapapiti hata unywele.

Ndipo nikaziona.
Hesi saba chini ya nati, bila kutu,
ilhali ufito uliobaki una rangi ya chai iliyolala.
Ya kwanza imefifia. Ya saba yang'aa kama jino jipya.
Si kazi ya siku moja, basi.
Na nati ina alama za koleo,
koleo! katika banda la Eladio,
aliyenifundisha kwamba kushika nati kwa koleo ni kuitukana.

Spana hulia zikitolewa kwenye sanduku. Koleo laingia mfukoni.

Miaka thelathini na mmoja mgodini, baba,
na sasa kifundo cha kulia hakikanyagi.
Mguu uliposhindwa kuifuata breki
akaileta breki mguuni,
hesi moja, kisha nyingine,
usiku, nadhani, sisi tukitazama runinga.
Mficha maradhi, walisema, kilio kitamfichua.
Yeye amefichuliwa na nati namba kumi na mbili.

Nimerudisha sita.
Ya saba nimeiacha. Nafasi ipo;
nimeipima mara mbili, kwa ukucha wangu mwenyewe.

Akaja na kahawa, akitembea upande upande.
"Ilikuwa nini, Olaya?"
"Uchafu. Tundu dogo liliziba."
"Uchafu," akarudia,
kama mtu aonjaye sida kujua kama imechacha.
Akanipa kikombe. Akainama, akalisukuma gurudumu.

Tulisimama tukiliangalia.
Hakuna aliyelishika mpaka liliposimama lenyewe,
na hilo lilichukua muda.