Masikitiko, Nakala Mbili

Jidda, mwezi wa tisa wa kuzingirwa.
Maji ya kunywa yanapikwa na mtambo bandarini:
bahari inachemshwa, mvuke unakamatwa,
na tunachopimiwa kwa kopo kina ladha ya msumari.
Nayanywa. Nachonga kalamu.

Mimi ni Munshi Tufail, mtu wa Laknau,
mla mkate wa ubalozi.
Kiingereza huingia kwa sikio,
Kiarabu hutokea vidoleni,
na hapo katikati, alivyoniambia Bwana Wetherby siku ya kwanza,
hapatakiwi mtu.

Leo barua ni mbili.
Moja ya mfalme aliye humu ndani, mtaa wa tatu,
anayewalipa askari wake ahadi.
Ya pili ya sultani aliye nje, mahemani,
ambaye Makka imemwangukia kiganjani kama tende mbivu.
Maneno yale yale. Wino wa chupa moja.
"Serikali ya Mtukufu haina mkono katika mambo ya dini."
Haina mkono!
Basi ule uliokuwa ukihesabu dhahabu,
mfuko huku, mfuko kule,
ulikuwa mguu?

Bwana Wetherby si mtu mbaya.
Humlisha paka wa jirani dagaa wa kopo.
Ana ramani ukutani, na humo Makka ni doa
asiloruhusiwa kulikanyaga,
nalo ndilo analolitazama kuliko yote.
"Munshi, meli ngapi za mahujaji kutoka Bombei?"
"Hakuna, bwana."
"Na huko Bombei wanasemaje?"
Wanasema kuba la Madina limepigwa.
Wanasema halikupigwa.
Kila duka lina shahidi, na shahidi ana binamu.
Akaandika: *haijathibitishwa.*

Ya kuba siyajui. Mimi nina mama.
Aliuza bangili zake, mwaka wa sita huu,
akaenda Madina kungojea kufa jirani na Mtume,
kama wafanyavyo wajane wenye nia ndefu.
Jana Mharbi mmoja alifumua soli ya kiatu mbele yangu
akatoa karatasi iliyolowa jasho.
Mwandiko si wake, maneno ni yake:
*Tunasaga kokwa za tende. Si mbaya ukizoea.
Usilete pesa, huku hazitafuniki.
Je, unaswali kwa wakati?*

"Ongeza," akasema Bwana Wetherby,
"kwamba tunasikitika kwa yanayowapata raia."
Masikitiko: neno jepesi, la kuvulia kofia.
Kiarabu kinalo. Asafu.
Nimeliandika mara mia, halijamkunja mtu uso.
Lakini jirani yake, kwenye droo ile ile,
limelala jingine: nadama. Majuto.
Mtazamaji husikitika;
hujuta aliyetenda.

Nzi alitembea juu ya simba wa muhuri.
Nikaandika: *Serikali ya Mtukufu inajuta.*
Nakala mbili.
Bwana akatia sahihi, akaupuliza wino ukauke.

Siku tatu nililala na kanzu.
Kila mlango uliogongwa mtaani ulikuwa wangu.
Ya nne majibu yakaja, yote mawili.
Mfalme ameipokea barua kwa furaha, anaomba mkopo.
Sultani ameipokea kwa heshima, anaulizia mpaka wa Akaba.
Lile neno hakuna aliyeligusa.
"Umeona, Munshi?" akasema Bwana Wetherby.
"Tarjuma safi haionekani."

Nikateremka bandarini na kopo langu.
Foleni ilikuwa imezunguka forodha.
Mbele yangu Bi Khairiya, mjane wa fundi wa roshani,
alikuwa ameshapimiwa, anageuka kurudi.
"Wewe wa ubalozi," akasema, "wanasemaje?"
"Wanajuta," nikamwambia.

Akacheka hadi maji yakamwagika,
akayatazama yakinywewa na mchanga,
kisha akaenda kusimama tena,
mwisho wa foleni.