Simu Sita Kwenye Friji

Mwaka juzi tu nilikuwa na simu sita sakafuni,
kila moja na chaja yake, kila moja na kiburi chake:
yenye ufa, niliyorithi kwa shemeji;
kubwa, niliyoazima kwa Thuweni kwa wiki moja
ikakaa miezi minne mpaka akaacha kuidai;
na kale kadogo, katukutu, kaliozima
kila mvua ilipoanza kunyesha ndani ya mchezo.

Julai, Al Khoud. Nje nyuzi arobaini na saba.
Nabadili mstari mmoja wa programu
kisha nacheza hatua zote ishirini kwa kidole,
simu baada ya simu, tangu isha hadi adhana ya alfajiri,
kidole gumba kimevimba, nakikanda kwa barafu.
Simu zikichemka, zinagoma.
Nikaziweka kwenye friji, ubavuni mwa laban,
na mume wangu, kaamka usiku kutafuta maji,
akakuta simu sita zinamwagilia mitende gizani.
"Ghaniya," akasema, "hii kazi au uganga?"

Mchezo wenyewe mdogo. Ni falaji.
Unafungua lango, unafunga lango,
kila shamba na zamu yake ya maji;
ukisahau, mtende unakauka na jirani ananuna.
Nimeujenga kwa kumbukumbu ya Ibra,
kwa yule mgawa maji aliyepima zamu
kwa kivuli cha kijiti, wala hakubishiwa.

Siku hizi zamu zangu zinapangwa na mwingine.
Saa nne usiku natuma toleo jipya,
nafunika kompyuta, naoga, nalala.
Katika ghala lisilo na dirisha, sijui Bahrain, sijui wapi,
simu mia mbili zinaamka bila mkono wa mtu,
zinajigusa, zinateleza, zinaanguka, zinasimama,
na asubuhi ripoti imenitangulia kwenye chai:
hatua ya saba nzito, picha ipunguzwe;
herufi za Kiarabu zimeachana mikono,
kila moja imesimama peke yake kama wageni kwenye lifti.
Hilo la herufi liliwahi kunila Ramadhani nzima.
Sasa dakika kumi, chai haijapoa.

Sisemi mashine imenishinda akili.
Niliipa maneno ya Kiarabu iyatie Kiswahili,
chemchemi imekauka, ndivyo nilivyoandika,
ikaniletea: jicho limekauka.
Mama alicheka hadi akashika ukuta.
"Heri likauke," akasema, "mtu apumzike kulia."
Basi maneno yote akayasema yeye, kwa simu, jikoni,
na kikohozi chake katikati sikukiondoa.

Jana ripoti ilileta kosa moja, jekundu.
Hatua ya tatu. Mchezaji amekwama.
Dakika arobaini hajagusa kitu.
Nikatazama simu ya nani. Ya mama, Ibra.
Nikapiga, roho mkononi.

"Mama, mchezo umekwama?"

"Haujakwama. Malango yote nimeyafungua sawasawa.
Natazama maji yanavyopita.
Wewe ndiye unayenikatiza."

Nikarudi kwenye ripoti, nikaandika: si kosa.
Ikaniuliza, kama ilivyofunzwa, nina hakika?
Nikabonyeza ndiyo.
Ilikuwa saa tatu asubuhi, na sikuwa na deni la usingizi.
Nikafungua friji kuchukua laban.
Nafasi tele.